UZI: Kwa nini udongo wa Lushoto unashika kaboni na mchanga wetu wa pwani ya Tanga unaiachia

Mchu wa Mwambani (mleta mada)

Salaam wana jukwaa. Tangu habari ya kuuza kaboni (kulipwa kwa kuihifadhi ardhini na kwenye miti) ianze kuzunguka vijijini mkoani kwetu, kila kijiwe cha kahawa Ngamiani kimepata mtaalamu wake. Kauli ninayoisikia zaidi ni hii: mwaga samadi ya kutosha shambani, basi umeshakuwa tajiri wa kaboni. Ingekuwa hivyo, wafugaji wote wangekuwa na majumba Raskazone.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe. Udongo wa dunia nzima, ukihesabu mita moja tu kwenda chini, unakadiriwa kushika kaboni ya mboji tani bilioni 1,500 hivi. Hiyo ni karibu mara mbili ya kaboni iliyomo hewani, na karibu mara tatu ya iliyomo kwenye miti na mimea yote. Sisi tunaangalia msitu juu, mali nyingi iko chini.

Namna inavyoingia haina siri. Jani linavuta hewa ukaa, mmea unajenga mwili, jani na mzizi vinakufa, vinaingia ardhini. Fumbo ni kwa nini haitoki yote. Kule chini kuna bakteria, kuvu, mchwa na minyoo, na kazi yao ni kula hayo masalia na kuirudisha kaboni hewani kwa kupumua. Wakipewa nafasi hawabakizi kitu.

Chukua changu wa soko la Deep Sea, waliovuliwa usiku mmoja. Mmoja muache juani mpaka adhuhuri, wa pili mtie kwenye barafu, wa tatu mpasue umtie chumvi awe ng'onda. Samaki ni wale wale, kilichobadilika ni mahali walipowekwa. Kaboni ya udongo ndivyo ilivyo. Watu wanauliza "umeweka kiasi gani?" wakati swali ni "umeiweka wapi, na nini kinawazuia walaji?"

Sasa joto, maana ndilo rahisi kulielewa. Kwa makadirio yanayotumika sana, joto likipanda nyuzi 10, uozo unakwenda kasi karibu mara mbili, mradi unyevu upo. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo pana ubaridi wa nyuzi 8 hivi kuliko Chumbageni, hapa Tanga mjini. Jani lile lile likianguka Lushoto litaoza kwa kasi ya zaidi kidogo ya nusu tu ya hapa mjini. Mwaka kwa mwaka, karne kwa karne, hiyo tofauti inajikusanya.

Lakini joto peke yake halielezi kila kitu, la sivyo pwani nzima ingekuwa haina kaboni, na hilo si kweli hata kidogo. Ndiyo maana nimeleta uzi. Karibuni.

Kwaminchi Kwetu

Nipo siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi. Ila mkuu usituletee fizikia nyingi, wengine tulikimbia hilo darasa.

Mama Machungwa

Ahsante kwa mada. Mie shamba langu lipo Muheza, udongo mwekundu kabisa. Kaka yangu analima udongo wa mbuga, ule mweusi ti, kiangazi unapasuka mpaka jembe linazama ufani. Kila tukikutana anatamba kwamba wake umejaa mboji na wangu ni kutu tupu. Nimjibu nini?

Mchu wa Mwambani

Mama Machungwa, mwambie kaka apunguze kutamba. Udongo wa mbuga ukiupima mara nyingi unakuta kaboni asilimia 1 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Weusi wake unatokana na namna mboji kidogo iliyopo ilivyoshikana na mfinyanzi wake unaovimba na kusinyaa. Rangi inadanganya. Na wekundu wako ni madini ya chuma, kwa hiyo kwenye "kutu" hajakosea, amekosea alipodhani kutu ni hasara.

Hapa ndipo penye utamu wa mada. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba kaboni inakaa ardhini kwa sababu mboji ni kitu kigumu kuoza. Miaka ya karibuni watafiti wengi wameliacha wazo hilo. Hata sukari, kitu laini kuliko vyote, inaweza kukaa ardhini miaka mingi ikipata pa kujificha, na hata mti mgumu unamalizwa upesi ukikosa ulinzi. Pa kujificha ni kwenye mfinyanzi. Chembe yake ni chini ya milimita 0.002, ndogo mno, hivyo konzi moja ya mfinyanzi ina eneo la kushikia ambalo konzi ya mchanga haiwezi hata kulikaribia. Masalia yaliyokwisha kusagwa na bakteria, pamoja na miili ya bakteria wenyewe wakifa, yanagandia hapo. Madini ya chuma na alumini yanaongeza mshiko. Vimeng'enya vya walaji havifiki, au vinafika kwa shida.

Udongo uliotokana na majivu ya volkano, kama wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru, unashika kuliko wote kwa sababu ya aina ya madini yake ya alumini. Sisi Tanga hatuna huo, lakini udongo mwekundu wa Muheza na Usambara si haba.

Kwa upande wa pili ndugu zangu wa minazi mnisamehe. Chembe ya mchanga ni kubwa na haina mshiko. Samadi uliyoweka kabla ya masika inaliwa na joto, unyevu na hewa vyote vikiwa tele, na masika ya pili hujui ilikwenda wapi.

Bi Tongoni

Mnaona mchanga wa minazi tu, mnaruka tope letu. Mleta mada umejiita Mchu halafu mchu wenyewe, mkoko wetu, hujaugusa!

Niseme ninachokijua. Ukiingia kwenye mikoko maji yakitoka, ukachimba kwa mkono, tope ni jeusi, linanuka yai viza, na ndani unavuta mizizi ambayo bado ina umbo lake, nyuzi kwa nyuzi. Mizizi ya miti iliyokufa zamani. Joto la huku nyote mnalijua. Kwa hesabu ya nyuzi zenu ile mizizi ingekuwa imekwisha. Kwa nini haijaisha?

Dogo wa SUA

Naomba nilijibu hili, shikamoo Bi Tongoni.

Haijaisha kwa sababu haina hewa. Walaji wenye kasi wanahitaji oksijeni, na tope lililojaa maji linaishiwa oksijeni sentimita chache tu kutoka juu. Wanaobaki ni bakteria wanaopumua salfati ya maji ya bahari, nao ni wavivu. Hiyo harufu ya yai viza ndiyo kazi yao. Kila maji yakijaa yanaleta tope jipya, linafunika la zamani, na mizizi inakufa pale pale ilipoota. Kaboni inazikwa tabaka juu ya tabaka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopima mikoko ya ukanda wa Indo-Pasifiki, ulikuta wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, na sehemu kubwa ilikuwa kwenye udongo, si kwenye miti. Tusiuhamishe wastani huo moja kwa moja kuja Tongoni au Kipumbwi, kwa sababu kina cha tope kinatofautiana sana. Lakini misitu mingi ya nchi kavu haifiki hata nusu yake.

Na kuna faida nyingine. Majaruba ya mpunga nayo yamejaa maji na hayana hewa, lakini yanatoa methani kwa wingi, gesi nyingine inayopasha dunia joto. Kwenye mikoko hao bakteria wa salfati wanawanyang'anya chakula wale wanaotengeneza methani, kwa hiyo penye chumvi nyingi methani ni kidogo. Maji baridi na maji chumvi si hadithi moja.

Bi Tongoni

Marahaba mwanangu, umeeleza vizuri. Sasa ongeza na hili. Kuna sehemu huku mikoko ilikatwa ikafanywa mashamba ya chumvi, wakaweka tuta, maji ya bahari wakayafungia nje. Baadaye wakayaacha. Kikundi chetu kinapanda mikandaa na michu kwingine inashika, kule kwenye mashamba yaliyoachwa inakufa. Watu wanasema pana laana.

Dogo wa SUA

Hapana laana, ni tindikali. Lile tope miaka yote limekuwa likijenga madini ya chuma na salfa, ambayo hayana neno maadamu yamefunikwa na maji. Tuta likizuia maji, tope likakauka, hewa ikaingia, madini yale yanageuka na kutoa tindikali ya salfuriki. Udongo unakuwa mkali kiasi kwamba mche hauwezi. Wakati huo huo walaji wenye kasi wamepata oksijeni, na kaboni iliyozikwa muda mrefu inaanza kupanda hewani. Dawa ya kwanza si kupanda miche. Bomoeni tuta kwanza maji yaingie na kutoka kama zamani, na mara nyingi mbegu zinakuja zenyewe na maji.

Kwaminchi Kwetu

Aisee. Kumbe tuta linaua na tuta linaponya, inategemea liko wapi. Wa milimani wako wapi watusimulie matuta yao?

Mtoto wa Mlalo

Nipo, nilikuwa nasoma kimya kimya. Umenichokoza kwenye matuta, sasa nisikilizwe.

Mkitaja Lushoto mnaitaja kama vile kila mahali ni udongo mweusi wa bonde la mboga. Njooni Mlalo mtembee kutoka kileleni mpaka mtoni. Kilele kina udongo wake, mteremko una wake, na bondeni kuna mwingine kabisa. Mvua inakwangua tabaka la juu la mteremko, ambalo ndilo lenye mboji, na kulishusha. Kwa hiyo jirani wawili walio kwenye mvua moja na baridi moja, mmoja ana shamba limebaki wekundu wa ndani, mwingine chini yake ana mboji hadi kiunoni, na hakuna aliyefanya kazi zaidi ya mwenzake. Ikifunikwa kule chini na bonde lina maji, sehemu yake inahifadhika. Nyingine inaishia mtoni.

Jambo hili lina historia ya hapa hapa kwetu. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Muheza, kile kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Yeye ndiye aliyeleta wazo la katena, yaani udongo wa kilele, mteremko na bonde usomwe kama mnyororo mmoja, kila pingu ikiathiri iliyo chini yake. Wanafunzi wa udongo dunia nzima wanalifundishwa wazo hilo, na wengi wa Tanga hawajui kwamba limetokana na milima ya huku Afrika Mashariki.

Sasa matuta. Baada ya vita vya pili mkoloni alileta mpango wa kuhifadhi udongo, akaanza na bonde la Mlalo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwa amri. Wazee walikataa. Kazi ilikuwa nzito, faida hawakuiona, na ulipofika mwisho wa miaka ya 1950 mpango ukafa. Ukimwambia mzee wa kwetu neno "matuta" hata leo uso unabadilika. Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, SECAP, ukatumia majani ya guatemala na miti kwenye kontua (mistari ya usawa inayokata mteremko) badala ya amri tupu. Majani yale yanashika udongo na ng'ombe wanakula. Hapo watu walielewa. Ninachosema ni kwamba mteremko ni sababu ya mazingira, lakini nani ana jembe na nani ana amri nayo ni sababu.

Msema Kweli 21

Mtoto wa Mlalo hapo umenena.

Mimi nina shaka na hii biashara nzima. Walikuja watu kijijini kwetu, wakafanya mkutano, wakasema tusilime kwa jembe, tuache majani shambani, kaboni itapanda na pesa itakuja. Nikauliza mtaipimaje? Wakatuonyesha simu yenye picha ya setilaiti. Setilaiti inaona chini ya ardhi?

Dogo wa SUA

Swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Setilaiti inaona uso wa udongo ulio wazi na majani yaliyoko juu. Kaboni ya kina cha sentimita 30 inakadiriwa kwa modeli, na modeli bila sampuli za mahali husika ni ramli iliyovaa tai.

Twende na hesabu. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Kina cha sentimita 30 kinakupa mita za ujazo 3,000. Udongo mkavu ukiwa na uzito wa tani 1.3 kwa mita ya ujazo, una tani 3,900 za udongo. Kaboni ikiwa asilimia 1, hizo ni tani 39. Ukitaka kuzigeuza ziwe tani za hewa ukaa, ambazo ndizo zinazouzwa, zidisha kwa 3.67, unapata kama 143.

Sasa angalia mtego. Kaboni ikipanda kutoka asilimia 1.0 mpaka 1.1, ambayo ni kazi ya miaka, umeongeza tani 3.9 tu. Lakini ukichota sampuli hatua kumi kutoka ulipochota mara ya kwanza, tofauti ya mahali na mahali inaweza kuzidi hapo. Ndiyo maana lazima zichotwe sampuli nyingi, kina kile kile, na uzito wa udongo upimwe kwa pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana. Asiyepima uzito huo, hesabu yake yote inaelea.

Mchu wa Mwambani

Niongeze jambo linalotuhusu sisi wa pwani hasa. Udongo wetu mwingi karibu na bahari umetokana na matumbawe, na ukienda Amboni unakuta mawe ya chokaa, ndiyo yaliyochongwa na maji yakawa yale mapango. Chokaa ndani yake ina kaboni, lakini ni kaboni ya mwamba, haikuwekwa na mkulima yeyote. Ukipeleka udongo huo kwenye mashine inayochoma sampuli na kupima hewa ukaa inayotoka, itajumlisha zote mbili. Mtu anaweza kuambiwa ana utajiri mkubwa kumbe anauziwa matumbawe. Maabara yenye akili inaondoa chokaa kwanza kwa tindikali, au inatumia njia ya zamani ya Walkley na Black ya mwaka 1934, inayopima mboji peke yake ingawa nayo haiipati yote. Nyumbani unaweza kujua kama shamba lako lina chokaa: dondoshea siki udongo mkavu, ukitoa povu la kuchemka ujue ipo.

Hata hivyo chokaa si adui. Kalisi yake inasaidia kuunganisha mboji na mfinyanzi.

Mkonge Damu

Mnataja Muheza na udongo mwekundu halafu mkonge hautajwi? Tanga hii?

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini, ikapandwa upande wa Pangani. Baada ya hapo vilima vyote hivi vikawa mkonge. Babu yangu alikuwa manamba, baba yangu alifanya kazi korona (mashine ya kusaga majani, msianze na ule ugonjwa). Katika jani la mkonge singa (nyuzi zake) ni kama asilimia 4. Zilizobaki ni maji na makapi, na miaka nenda rudi makapi yale yaliachwa kando ya korona, yakarundikana na kutiririshwa mitoni, yakanuka. Shamba lilitoa, halikurudishiwa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Mlingano, kule Muheza, waliona mapema kwamba udongo wa mkonge unazidi kuwa na tindikali na virutubisho vinapungua.

Swali: makapi yakirudishwa shambani, kaboni inarudi?

Mchu wa Mwambani

Inarudi kwa sehemu, mkuu. Makapi mabichi yanaoza upesi sana kwa joto la Muheza, kwa hiyo sehemu kubwa ya kaboni yake itapanda hewani ndani ya muda mfupi. Faida yake kubwa ni virutubisho, hasa kalisi na potasi. Hivyo vikirudi, tindikali inapungua, mizizi inapona, na mzizi mzima unaingiza kaboni ardhini kila siku bila wewe kubeba toroli. Alumini ikiwa nyingi kwenye udongo wenye tindikali mizizi inadumaa, na mzizi uliodumaa haulishi udongo. Kaboni inayotokana na mizizi inakaa kuliko ya majani kwa sababu imeshaingia kwenye mfinyanzi tangu mwanzo, haipitii mlangoni kwa mchwa. Na pale Hale kulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi ya mkonge. Kinachobaki baada ya gesi kutoka bado ni mbolea, kirudi shambani.

Dogo wa SUA

Kuhusu mabua ya mahindi, watu wanayafukia peke yake wakitarajia mboji. Mabua yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo. Bakteria wakikosa nitrojeni wanainyonya ya udongo, mahindi yanageuka njano, na mkulima anasema kilimo cha kisasa ni uongo. Changanya na kunde, fiwi, mbaazi au samadi. Walaji wakishiba vizuri wanajenga miili yao zaidi, na ile miili ndiyo inayogandia mfinyanzi.

Kwaminchi Kwetu

Na kuchoma moto? Handeni kila kiangazi moshi.

Mtoto wa Mlalo

Moto una pande mbili. Majani yakiungua, kaboni yake nyingi imeshakwenda siku hiyo hiyo, na uso wa udongo unabaki uchi ukisubiri mvua ya kwanza. Lakini vipande vya makaa vinavyobaki ni vigumu kuliwa, vinaweza kukaa mamia ya miaka. Mtu aliyewahi kulima mahali palipokuwa na tanuru ya mkaa anajua weusi ule hauondoki. Hiyo isiwe ruhusa ya kuchoma msitu! Umepoteza miti yote ili ubaki na makaa kidogo.

Msema Kweli 21

Basi niambieni wazi. Mtu wa Handeni, mvua chache, joto kali, udongo wa kichanga. Anaambiwa na mtu wa Lushoto auze kaboni. Wapi na wapi?

Mchu wa Mwambani

Handeni kuna mafumbo mawili yanayovutana. Ukame unapunguza kinachoingia, kwa sababu mimea inakua kidogo. Ukame huo huo unapunguza uozo, kwa sababu bakteria bila maji wanalala. Kisha mvua ya kwanza ya vuli inapogonga udongo mkavu, wanaamka wote kwa pamoja na hewa ukaa inatoka kwa kishindo kwa siku chache. Amani kwa upande wake ipo kama mita 900, mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, msitu unamwaga majani kila mwezi, na udongo una chuma na alumini. Mkulima wa Handeni hawezi kuifikia Amani hata akikesha. Na asidanganywe kwamba anaweza.

Mawazo yangu, na mwenye kupinga apinge: kwa mkoa wetu faida kubwa iko kwenye kutopoteza kilichopo kuliko kuongeza kisichokuwepo. Majumuisho ya tafiti za nchi nyingi yanaonyesha msitu wa asili ukigeuzwa shamba la mazao, udongo unapoteza kati ya robo na nusu ya kaboni yake, na sehemu kubwa inaondoka miaka ya mwanzo. Jembe linavunja mabonge madogo ambamo mboji imefungiwa, hewa inaingia, kivuli hakipo, joto la uso linapanda, yote kwa wakati mmoja. Kuirudisha kunachukua miongo. Hekta moja ya mikoko au ya msitu wa Amani iliyoachwa ilivyo ina thamani kuliko hekta nyingi za Handeni zilizofunikwa matandazo. Matandazo weka, lakini kwa ajili ya maji na mahindi, si kwa ajili ya hundi.

Na kupanda miti si jibu la moja kwa moja. Angalia misaji ya Longuza. Mbao nzuri, sina ubishi. Lakini chini ya misaji mara nyingi ardhi iko wazi, jani lake kubwa linakusanya tone zito la mvua linalochimba udongo, na moto unapita kiangazi. Mti upo, udongo unaondoka.

Mtoto wa Mlalo

Hapo kwa Handeni napinga kidogo. Mchanga ukiwa na kaboni asilimia 0.5 ukaipandisha mpaka 0.8, soko la kaboni halitakuona, ila mkulima ataona. Udongo unashika maji zaidi kidogo. Kwake hiyo ni mahindi au njaa.

Mchu wa Mwambani

Nakubali kabisa. Ndicho nilichomaanisha niliposema maji na mahindi.

Msema Kweli 21

Kwa hiyo wale wa simu nikikutana nao tena niwaulize nini?

Dogo wa SUA

Waulize sampuli za mwanzo zilichotwa wapi, kwa kina gani, na nani anazo. Waulize mkataba ni miaka mingapi na nini kinatokea ukame ukija au mwanao akitaka kulima ile sehemu. Halafu uliza wamesajiliwa wapi. Nchi ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kuna Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni hapa hapa SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Mradi halali haupati homa ukitajiwa majina hayo.

Mama Machungwa

Nimemtumia kaka uzi huu wote. Kajibu: "Tupime." Sasa tunataka kupeleka udongo Mlingano, wake na wangu. Tunachota vipi?

Mchu wa Mwambani

Piga simu kwanza uulize bei na siku za kupokea. Kila shamba chota sehemu nyingi kwa kuzunguka zigizaga, si kona moja, sentimita 30 kwenda chini, na uepuke palipokuwa na zizi, kichuguu au jalala. Ondoa majani ya juu, changanya kwenye ndoo safi, chukua kama kilo moja, anika kivulini. Kaka achote wakati udongo wake una unyevu kidogo, ukishapasuka wa juu unadondoka kwenye nyufa na kina kinavurugika. Na tafadhali msifungashe kwenye mifuko iliyokuwa na mbolea, mtapata majibu ya kiwanda badala ya shamba.

Mama Machungwa

Mifuko ya mbolea ndiyo niliyokuwa nimeiandaa! Naosha ndoo.